Vikram Sarabhai: mutu mwenye alitaka satelite ianzie ku kijiji cha mbali

Tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka wa 1998, roketi Ariane iliruka kutoka Kourou, mu Guyane ya Ufaransa, ikapeleka juu satelite yenye kuitwa AfriStar. Ilikuwa ya kampuni WorldSpace, ya Noah Samara, mwanasheria mwenye alizaliwa Ethiopia, na kazi yake ilikuwa moja tu: kushusha radio moja kwa moja kutoka juu mupaka kwa musikilizaji wa Afrika, bila kupitia minara ya chini. Fasi yenye walipanga isimame ni digri 21 za mashariki, juu kabisa ya ekweta. Chukua karte ya Congo, tia kidole fasi ile: kinaangukia pembeni ya Boende, mu Tshuapa. Ile mashine ya kusemesha Afrika yote ilikuwa imesimama juu ya vichwa vyetu, na wengi wetu hatukuisikia hata siku moja.

Juu ya nini haikutufikia, tutaona chini kidogo. Kwanza tuzungumuzie mutu mwenye, miaka 30 mbele ya AfriStar, alikuwa tayari anabishana na wakubwa juu ya jambo hilo hilo: kwamba satelite si chombo cha kungoja mupaka inchi itajirike, na kwamba mutu wa kwanza wa kuipata anapaswa kuwa mukulima wa mbali, hapana mukaaji wa muji mukubwa. Jina lake ni Vikram Sarabhai, Muhindi, mutaalamu wa fizika. Alikufa mwaka wa 1971, akiwa na miaka 52, mbele ya kuona hata picha moja ikishuka kutoka juu na kuingia mu kijiji.

Mutoto wa nyumba yenye kugawanyika

Alizaliwa tarehe 12 mwezi wa 8 mwaka wa 1919, katika muji wa Ahmedabad, jimbo la Gujarat. Wakati ule India ilikuwa chini ya Waingereza. Baba yake, Ambalal Sarabhai, alikuwa tajiri wa viwanda vya vitambaa, mumoja wa matajiri wakubwa wa muji. Lakini usifikiri ni ile nyumba ya watu wa kuhesabu feza tu. Katika mwaka wa 1918, mwaka mumoja mbele ya Vikram kuzaliwa, wafanyakazi wa viwanda vya Ahmedabad waligoma juu ya mushahara. Upande wa wenye viwanda, Ambalal alikuwa mbele. Upande wa wafanyakazi, mwenye alikuwa mbele pamoja na Gandhi ni Anasuya, dada yake Ambalal, damu moja. Na Ambalal huyo huyo alikuwa amemusaidia Gandhi na feza wakati kambi yake ilikuwa karibu kufungwa. Familia ya namna hiyo inamufundisha mutoto kwamba watu wanaweza kupingana kwa nguvu muchana na kula pamoja mangaribi.

Watoto walikuwa nane. Wazazi hawakuwapeleka ku masomo ya nje: waliwajengea masomo yao mu lupango, wakaleta walimu wa kila aina. Wageni wa nyumba walikuwa watu kama Gandhi na mutunga mashairi Rabindranath Tagore. Mridula, dada ya Vikram, aliingia katika mapambano ya uhuru na akafungwa na Waingereza mara mingi. Vikram yeye alipenda mashine na hesabu.

Alienda Uingereza, ku chuo kikuu cha Cambridge, akamaliza sayansi mwaka wa 1940. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza, akarudi nyumbani. Akaingia Bangalore, kazi chini ya C. V. Raman, Muhindi mwenye alikuwa amepata Zawadi ya Nobel ya fizika. Hapo alichagua kufuata miale yenye kutoka mbali sana mu anga na kupiga dunia yetu usiku na muchana bila sisi kuiona. Mu Bangalore pia alikutana na Mrinalini Swaminathan, mwenye kucheza ngoma za kale za India, na wakaoana mwaka wa 1942. Mrinalini hakukuwa bibi wa kukaa nyuma ya pazia. Mwaka wa 1949 waliunda pamoja Darpana, chuo cha ngoma na maigizo katika Ahmedabad, na yeye njo alikiendesha na akajulikana dunia mzima.

Kisha vita, Vikram alirudi Cambridge, akapata udaktari wa fizika mwaka wa 1947. Kazi yake ilikuwa juu ya ile miale katika inchi za joto. Mwaka huo huo India ilipata uhuru.

Kazi mingi kuliko mutu mumoja

Alikuwa na miaka 28. Angeweza kukaa Ulaya. Mwezi wa 11 mwaka wa 1947 alifungua mu Ahmedabad maabara ya fizika, na mwanzoni ilikuwa vyumba vichache tu. Mwaka huo huo alisaidia kuanzisha kituo cha uchunguzi cha viwanda vya vitambaa, kwa sababu wenye viwanda walikuwa wanatumia mashine za babu zao bila kupima kitu. Mwaka wa 1961 ikaja chuo cha kufundisha waongozi wa makampuni, na mupaka leo kile chuo ni kati ya vyenye kuheshimiwa sana mu India. Wakati ule ule alikuwa anaangalia pia kampuni ya dawa ya familia.

Watu wenye walifanya naye kazi wanamukumbuka kama mutu wa shati nyeupe ya mikono mifupi, mwenye kusikiliza kijana kama anavyosikiliza waziri. Alimupa kijana wa miaka 25 mupango muzima, kisha akamwacha afanye. Lakini kuna upande mwingine pia, na hatuone sababu ya kuuficha: alikuwa anabeba kazi nyingi mupaka ikawa hatari. Alikuwa ndani ya ndege ao garimoshi karibu kila juma. Nyumba yake mwenyewe ilimuona kidogo.

Kanisa la Thumba

Mwaka wa 1962 serkali ya India ilimupa kuongoza kamati ndogo ya mambo ya anga, chini ya idara ya atomu ya Homi Bhabha. Sarabhai alitafuta fasi ya kurushia roketi ndogo za uchunguzi. Wataalamu walitaka iwe karibu na ekweta ya sumaku, ule mustari wenye sindano ya dira haielekei chini wala juu. Mu India mustari ule unapita kusini kabisa, jimbo la Kerala, karibu na kijiji cha wavuvi chenye kuitwa Thumba.

Na pale pale kwenye fasi walitaka, kulikuwa kanisa katoliki la Mutakatifu Maria Magdalena, na nyumba ya askofu, na familia za wavuvi pembeni.

Serkali ingeweza kutuma polisi. Sisi wa majimbo ya mashariki tunajua namna mambo yale yanaendaka: mutu anafika na karatasi ya muji mukuu, anapima udongo, na wewe unasikia kwa jirani kama shamba lako si lako tena. Sarabhai alienda kumuona askofu Peter Bernard Pereira. Askofu hakumujibu pale pale. Alimwambia arudi siku ya yenga, na siku ile mu kanisa akawaelezea waamini kwamba huyu mutu anaomba nyumba yao ya kusali kwa ajili ya kazi ya sayansi, akawauliza. Wakakubali. Wavuvi walihamishwa kijiji kingine, kanisa lingine likajengwa. Ile habari imeelezwa mingi na A. P. J. Abdul Kalam, mumoja wa vijana wa kwanza wa Thumba, mwenye alikuja kuwa raisi wa India. Mutu anaweza kuuliza kama kila muvuvi alikubali kwa roho moja, na ni ulizo la haki. Lakini waliulizwa, tena mbele ya watu.

Nyumba ya askofu ikawa biro. Ndani ya kanisa wakaunganishia roketi. Nyumba ya ngombe ikawa maabara. Hakukukuwa gari za kutosha, njo maana kuna picha yenye kujulikana sana ya mutu mwenye kusukuma pua ya roketi juu ya kinga. (Ile picha ingine ya satelite juu ya gari la ngombe, yenye watu wanachanganya nayo, ni ya mwaka wa 1981, Sarabhai alikuwa amekwisha kufa miaka kumi. Na walitumia gari la ngombe kwa kupenda: lilikuwa la mbao, na chuma kingeharibu vipimo vya antene.)

Tarehe 21 mwezi wa 11 mwaka wa 1963, mangaribi, roketi ya kwanza iliruka. Roketi yenyewe ilitoka Marekani, vyombo vya ndani vilitoka Ufaransa. Mashine ya kuinua ilianza kuvuja mafuta saa ya mwisho, vijana wakamalizia kuiweka sawa na mikono yao. Iliacha mu anga wingu la rangi ya machungwa lenye lilionekana mbali. Mwaka wa 1968 Thumba ikawekwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, ili wataalamu wa inchi zote waje kufanyia hapo kazi. Warusi na Waamerika, wakati walikuwa maadui kabisa, walikuwa wanasaidia kituo kimoja.

Hapa tufanye mulinganisho mumoja mudogo, kwa sababu unatuhusu. Sisi pia tulirusha roketi. Katika mwaka wa 1977 na 1978, kampuni ya Ujerumani, OTRAG, yenye ilikodi kwa Mobutu eneo la kilometre za mraba karibu 100 000 katika kaskazini ya Shaba ya wakati ule, ilirusha roketi pale juu ya muinuko, upande wa Luvua. Mwaka wa 1979, kwa sababu ya siasa ya wakubwa wa dunia, ilifukuzwa. Wajerumani walikodi, wakajaribu, wakaenda na elimu yao. Mu Thumba wageni walileta roketi, lakini vijana wa kuziunganisha walikuwa wa pale pale, na miaka michache tu nyuma yake walikuwa wanatengeneza zao wenyewe.

Hesabu ya televisheni

Wazo la satelite yenye kusimama fasi moja lilikuwa limeandikwa na Mwingereza Arthur C. Clarke mwaka wa 1945. Ukiitia juu ya ekweta, kilometre karibu 36 000, inazunguka pamoja na dunia, kwa hiyo mutu wa chini anaiona kama imepigwa musumari mu anga. Antene yake anaielekeza mara moja tu. Mwaka wa 1964, kwa michezo ya Olimpiki ya Tokyo, satelite ya namna hiyo, Syncom 3, ilivusha picha juu ya bahari ya Pasifiki. Watu wengi waliona mupira na riadha. Sarabhai aliona vijiji.

Tukumbuke hali ya India wakati ule. Watu zaidi ya milioni 500, vijiji zaidi ya nusu milioni. Televisheni ilikuwa imeanza Delhi mwaka wa 1959, na mupaka mwaka wa 1972 ilikuwa ku Delhi tu. Muji mumoja! Mupango wa kawaida ulikuwa: tutajenga munara Bombay, kisha Calcutta, kisha Madras, kisha miji ya kati, na siku moja, feza ikibaki, tutafikiria kijiji. Kila mutu aliona ni jambo la akili. Radio na tele zimeenea hivyo dunia mzima, na barabara pia, na moto wa umeme.

Sarabhai alisema mupango ule unafanya mwenye kuwa nacho aongezewe. Watu wenye akili watakimbilia muji juu kijiji hakina kitu, na kijiji kitazidi kukosa kitu juu watu wenye akili wamekimbia. Satelite haijali kama chini yake kuna barabara ao hakuna. Muji na pori vinapata mwangaza ule ule, siku ile ile. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia, kulikuwa chombo chenye kinaweza kuanzia mwisho wa njia.

Hakuishia ku maneno. Tarehe 26 mwezi wa 1 mwaka wa 1967, vijiji 80 vya pembeni ya Delhi vilianza kupokea kipindi cha wakulima, Krishi Darshan, kupitia munara wa Delhi. Kila kijiji kilipewa televisheni moja, si ya chifu, si ya mwalimu, ya watu wote. Watu waliangalia pamoja, kisha walizungumuza. Ilikuwa jaribio la kuona kama mukulima atatumikisha habari ile, na kama mashine itabaki nzima mu vumbi. Mwaka huo huo, mu Ahmedabad, kikafunguliwa kituo cha chini cha satelite cha kufundishia vijana, kwa musaada wa Umoja wa Mataifa.

Kisha hesabu. Watu wake walikaa na watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakapima njia tatu: minara peke yake inchi mzima, satelite peke yake, kila kijiji na antene yake, na kuchanganya zote mbili, satelite kwa vijiji vya mbali, na minara midogo yenye kupokea satelite fasi zenye watu wengi. Minara peke yake ilikuwa bei ya juu kabisa na ya kukawia kabisa. Kuchanganya njo kulishinda. Mushike ile jibu.

Tarehe 18 mwezi wa 9 mwaka wa 1969, India na NASA wakatia sahihi. Marekani itakopesha satelite kwa mwaka mumoja. India itatengeneza televisheni za vijiji, antene, vituo vya chini, na vipindi vyote. Mwezi mumoja mbele yake, tarehe 15 mwezi wa 8, Sarabhai alikuwa ameunda ISRO, shirika la anga la India.

Atomu, na usiku wa Kovalam

Lakini wakati ule alikuwa tayari anabeba muzigo mwingine. Mwezi wa 1 mwaka wa 1966, Homi Bhabha alikufa katika ndege yenye ilianguka ku Mont Blanc. Serkali ilimuomba Sarabhai aongoze pia atomu. Akakubali. Alikuwa na mashaka makubwa juu ya kutengeneza bombe ya atomu. Kwa hesabu yake, usalama wa inchi masikini unavunjikaka kutoka ndani mbele ya kuvunjwa kutoka nje, na bombe inakula feza ya mambo mengine. Ndani ya idara ile walikuwamo watu wenye hawakupenda mawazo hayo. Chini yake njo ilianzishwa, mwaka wa 1967, kampuni ya elektroniki ya serkali mu Hyderabad, ile yenye baadaye itatengeneza televisheni za vijiji.

Atomu, anga, maabara ya Ahmedabad, vyuo, kampuni. Rafiki zake walikuwa wanamuona amechoka. Mwisho wa mwezi wa 12 mwaka wa 1971, India ikiwa imetoka tu vitani na Pakistan, alienda Kerala kuangalia kazi ya Thumba. Alilala ku hoteli ya Kovalam, pembeni ya bahari. Asubui ya tarehe 30 walimukuta amekufa mu kitanda.

Mwaka mumoja mu vijiji 2 400

Wengi walifikiri mupango utazikwa pamoja naye. Lakini alikuwa ameuacha kwa vijana, na vijana waliuendesha. Mumoja wao, E. V. Chitnis, alikuwa naye tangu siku za kutafuta fasi ya Thumba. Mwingine, Yash Pal, alikuwa ameongoza kituo cha kazi za satelite mu Ahmedabad.

Satelite ya Waamerika, ATS-6, ilirushwa mwezi wa 5 mwaka wa 1974. Ilikuwa na antene ya metre 9 yenye ilifunguka kama mwavuli ikiwa juu. Ukubwa ule njo ulikuwa siri yote: nguvu ikiwa juu, mutu wa chini anaweza kuwa na kitu kidogo. Mu kijiji, antene ilikuwa ya metre 3, ya waya wa matundu, kama ule wa kufungia kuku. Fundi wa kijiji angeweza kuikunjua akipinda. Katika mwaka wa 1975 Waamerika walisukuma satelite ile kidogo kidogo mupaka digri 35 za mashariki. Digri 35, ku ekweta, ni Kenya. Kwa hiyo India ilikuwa inaangalia televisheni yenye kutoka juu ya jirani zetu.

Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 1975 picha zikaanza kushuka katika vijiji karibu 2 400 vya majimbo sita: Rajasthan, Bihar, Orissa, Madhya Pradesh, Andhra Pradesh na Karnataka. Majimbo yale yalichaguliwa juu yalikuwa nyuma kuliko mengine. Asubui saa moja na nusu kwa ajili ya watoto wa masomo. Mangaribi saa mbili na nusu kwa watu wote: kulima, afya, uzazi wa kupanga, ngoma na maigizo. Luga zilikuwa ine, Kihindi, Kitelugu, Kikannada na Kioriya. Walimu wa masomo karibu 50 000 walifundishwa sayansi kupitia njia ile.

Je, ilisaidia? Watu wa utafiti walikaa mu vijiji kwa kupima, na majibu hayakuwa ya kupendeza tu. Habari za afya ziliingia vizuri, zaidi kwa wamama na kwa watu wenye hawakusoma, maana wale hawakukuwa na njia ingine. Upande wa kulima, badiliko lilikuwa dogo: mukulima aliona mbegu nzuri ku tele, lakini mbegu yenyewe haikukuwa ku soko. Tena kulikuwa shida ya luga. Kihindi cha studio kilikuwa Kihindi cha watu wa muji, na bibi muzee wa Bihar alikuwa anakisikia kama Kiswahili cha kitabu kinavyosikiwa na mutu wa Shabunda. Mashine ilivuka milima yote, kisha ikakwama ku neno.

Njo maana jaribio lenye sisi watu wa radio ya kijiji tunapenda kuliko yote ni lile dogo la pembeni. Mu Kheda, jimbo la Gujarat, karibu na Ahmedabad, watu wa Sarabhai waliweka munara mudogo mu kijiji cha Pij. Hapo vipindi vilitengenezwa pamoja na wakaaji wenyewe, katika luga yao, juu ya mambo yao: mwenye kukopesha feza na kunyonga watu na faida, tajiri mwenye kulipa kidogo, watu wa tabaka la chini wenye kukatazwa kisima. Mwaka wa 1984 kazi ile ilipewa zawadi ya UNESCO ya mawasiliano ya vijiji.

Tarehe 31 mwezi wa 7 mwaka wa 1976, mwaka ulitimia. Wenye satelite walichukua satelite yao, kama ilivyoandikwa mu mukataba. Vijiji vingi vikabaki na sanduku lenye halionyeshe kitu. Baadhi vilirudishiwa picha kupitia minara ya chini, na mwaka wa 1983 India ilipata satelite yake mwenyewe ya kazi hiyo, INSAT-1B. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka wa 1982, kwa michezo ya Asia, televisheni ya rangi ilifika Delhi, minara ikajengwa haraka haraka, na matangazo ya biashara yakaongezeka. Chombo kikafika kila fasi. Kipindi cha mukulima kikabaki, mu saa zenye hakuna mutu mwingine anazitaka.

Turudi sasa juu ya Boende. AfriStar ilianza kazi mwaka wa 1999. Sauti yake ilikuwa safi sana, na radio moja ya Nairobi ingesikika wazi mu pori la Maniema. Lakini ilitaka posti ya pekee, ya bei ambayo familia ya kwetu ingeuzia mbuzi kazaa, na antene ndogo yenye inapaswa kuona anga. Kisha ikaja kulipia kila mwezi. Kila mutu na mashine yake, kila mutu na feza yake: Sarabhai alikuwa amekwepa mutego ule kwa kuweka mashine moja kwa kijiji kizima. Wateja wengi wa WorldSpace, mwishoni, walikuwa Wahindi wa miji mikubwa wenye kupenda muziki. Mwezi wa 10 mwaka wa 2008 kampuni ilienda mbele ya tribinali ya Marekani kusema imeshindwa kulipa madeni.

Wakati ule ule, mu Congo, kulikuwa tayari kitu kingine kilichofanya kazi. Radio Okapi, tangu mwezi wa 2 mwaka wa 2002, ilikuwa inapandisha sauti yake ku satelite kutoka Kinshasa, na kuipokea Bukavu, Goma, Bunia, Kindu, Kisangani na kwingine, kisha minara midogo ya FM inaigawanya. Musikilizaji hakununua kitu kipya. Alibaki na kaposti kake ka mawe mawili. Ni ile hesabu ya mwaka wa 1969, kuchanganya juu na chini, hata kama wenye kuifanya hawakufikiria Ahmedabad.

Kituo kikubwa cha roketi cha Thumba kilipewa jina la Vikram Sarabhai mwaka wa 1972. Kanisa la Maria Magdalena sasa ni makumbusho ya anga. Mrinalini aliendelea kufundisha ngoma miaka mingi, akakufa mwaka wa 2016. Na tarehe 23 mwezi wa 8 mwaka wa 2023, India ilitua mashine ku mwezi, karibu na ncha ya kusini. Ile mashine waliita Vikram. Yeye mwenyewe, wakati alikuwa anaomba feza ya kazi yake, alikuwa anawaambia wakubwa kwamba India haina hamu ya kushindana na matajiri kwenda ku mwezi, na kwamba anachotaka ni kitu cha kumufaa mutu wa kijiji.